Hati ya Kutoona

Nchi ninayoisimulia haipo. Nalisema hilo mapema ili ofisa atakayepewa kazi ya kuisoma hadithi hii asihangaike kuitafuta kwenye ramani, maana maofisa wetu wana shughuli nyingi na macho yao ni mali ya umma. Haipo, haijawahi kuwepo, na watu wake ni wapole sana.

Katika nchi hiyo isiyokuwepo, kila kitu kilisimama juu ya Jukwaa. Si jukwaa la mbao, la. Lilikuwa programu iliyokaa ndani ya kompyuta, na juu yake ndipo programu nyingine zote zilipopanda kufanya kazi zao: ya kupiga kengele za shule, ya kugawa viwanja vya makaburi, ya kupokea watoto zahanati. Bila Jukwaa hakuna kengele, hakuna kaburi, hakuna mtoto. Nalo lilikuwa mali ya Kampuni. Kampuni gani? Ya mbali huko. Watu waliijua kwa alama yake tu, kufuli linalotabasamu, lililojitokeza kila kompyuta ilipowashwa.

Sharti la Kampuni lilikuwa jepesi: tumia, usichungulie. Aliyechungulia ndani ya Jukwaa alishtakiwa, na kesi yake ilisikilizwa gizani ili hakimu naye asije akaona.

Basi ikatokea kalenda ya Jukwaa ikafika mwisho. Walioijenga hawakutarajia kwamba nchi ndogo kama ile ingedumu muda wote huo. Katikati ya masika mashine za zahanati zikaanza kukataa tarehe. Serikali ikaiandikia Kampuni, Kampuni ikajibu kwa adabu kwamba suala limepokelewa na ufumbuzi uko njiani. Serikali ikashukuru, ikachinja ng'ombe kuusherehekea ule ujumbe.

Mtoto Shukuru alizaliwa usiku wa kuamkia sherehe hiyo.

"Mama, huyu hajazaliwa," alisema nesi Fortunata, akimtoa mtoto kwenye mizani.

"Dada, si huyu hapa? Si amekukojolea?"

"Amenikojolea mimi. Mashine haijakojolewa."

Mama wa mtoto, kijana mmoja jina lake Semeni, alitazama skrini. Kufuli lilimtabasamia. Sheria ya nchi ile ilisema mtu huzaliwa siku mashine ya zahanati inapompokea, si kabla. Na friji la chanjo lilifunguliwa na mashine hiyohiyo, nayo ilimfungulia aliyezaliwa tu. Nesi alilivuta friji kwa mkono, akalivuta tena mguu ameukita ukutani, halikufunguka.

"Na surua ipo mtaa wa pili," akanong'ona. "Surua yenyewe haina mashine. Haiulizi nani amezaliwa."

Semeni akamfunga mwanawe mgongoni, akaondoka. Njiani alimgusa kila mara nyuma ya shingo, kama kuna joto.

Sasa huyu Semeni alikuwa amesoma masomo ya jioni, kompyuta, katika shule ya msingi ya mtaani, kwenye madawati ya darasa la pili, magoti yakigonga kidevu. Mwalimu wake aliwahi kutaja, kwa sauti ya chini, kwamba uani kwa Kitwana, fundi makochi, kuna watu wanaojenga Jukwaa jingine. La kwao. La bure. Zaidi ya hapo mwalimu hakusema, akafuta ubao ambao haukuwa na kitu.

Semeni akaenda.

Uani kwa Kitwana kulikuwa na kompyuta chakavu zimepangwa juu ya masponji, na watu wameinama wanaandika. Nje ya geti, kwenye benchi, alikaa mzee mmoja nadhifu akichemsha chai. Huyo alikuwa Daktari Ngwilizi. Alisoma ng'ambo, akafanya kazi Kampuni miaka mingi, akarudi kuwasaidia wenzake. Walimkatalia mlangoni. Aliruhusiwa kuchemsha chai, mradi asiikoroge kwa mpangilio wowote.

"Unajua nini kuhusu ndani ya Jukwaa?" Kitwana alimuuliza Semeni.

"Sijui kitu, baba."

"Hata kwa kusikia? Huna shemeji aliyefanya kazi Kampuni?"

"Sina shemeji wa maana kiasi hicho."

Watu wakaacha kuandika, wakamtazama kwa wivu. Kitwana akatabasamu kwa mara ya kwanza mwezi ule.

"Sikiliza, mwanangu. Pilau la jirani ukilila harusini, ukaenda kupika la kwako likatoka tamu kama lile, hakuna wa kukushtaki. Lakini ukichungulia dirisha la jiko lake, hata ukipika uji atasema umemwibia pilau. Sisi hapa tumelila tu. Kampuni imechapisha kitabu kinachosema Jukwaa linafanya nini: ukiliuliza tarehe, linakupa tarehe. Kinasema nini, hakisemi vipi. Hiyo vipi tunaitoa vichwani mwetu. Aliyeona ndani, hata kidogo, haandiki hapa. Tumeelewana?"

"Tumeelewana. Kalenda anaandika nani?"

Watu wakainamia kompyuta zao. Kalenda ilikuwa imekimbiwa na watu wazima watatu.

"Nipeni mimi," alisema Semeni. "Mimi nina sababu yangu." Na sababu ikapiga chafya mgongoni.

Akawa anaandika mchana, mtoto amelala juu ya sponji, mguu mmoja ukimbembeleza. Katika maandishi ya programu kuna maneno ya pembeni ambayo kompyuta huyaruka. Huandikwa kwa ajili ya binadamu atakayesoma baadaye. Wenzake waliandika pembeni mambo ya kitaalamu. Semeni aliandika alichokuwa anaimba: *Lala mwanangu lala, Februari ina visa. Mwaka wa nne huvimba, tuiachie nafasi.* Na kweli Februari ina visa. Ilimsumbua kama mkwe.

Kila walichoandika walikianika jioni ileile mtandaoni hadharani, mwenye kusoma asome, mwenye kuchukua achukue. Sharti lao lilikuwa moja: ukimpokeza mwenzio, usikitie kufuli.

Habari zikafika serikalini, kwa kuwa zilikuwa zimebandikwa getini.

Waziri wa Tahadhari akasimama bungeni. "Ndugu wananchi," alisema, "kufuli ni amani. Jukwaa la Kampuni limefungwa. Hatujui ndani mna nini, kwa hiyo hatuna wasiwasi nalo. Hili la uani liko wazi! Mtu yeyote anaweza kulisoma! Nami nauliza: kama hawana cha kuficha, kwa nini wanaonyesha?"

Bunge likasimama kwa makofi.

"Tena ni la bure. Marehemu mama yangu aliniusia: anayekupa bure, ameshakupimia kaburi."

Wabunge wakapiga meza, kisha wakaenda kula chakula cha mchana, ambacho walipewa bure.

Kuanzia siku ile nchi ikawa macho. Jirani aliyekuja na bakuli la maharage aliulizwa kwanza anatafuta nini. Bwana mmoja alimwelekeza mgeni njia ya sokoni bila kudai chochote, akachukuliwa kituoni, akahojiwa mpaka akakiri kwamba njia yenyewe haijui. Na wale wa uani kwa Kitwana, ambao siku zote waliachiana kompyuta zimewashwa, wakaanza kuzigeuza skrini ukutani wanapokwenda msalani.

Hata hivyo serikali ilikuwa ya haki. Ilitangaza kwamba Jukwaa Huru litaruhusiwa zahanati, endapo kila aliyeliandika atapata Hati ya Kutoona, kuthibitisha kwamba hakuchungulia la Kampuni. Hati zitatolewa na Tume ya Macho. Uani wakafurahi. Kutoona si ndiyo sifa yao kuu?

Akatangulia Makame, kijana mwepesi, fundi wa kupanga orodha. Akarudi anapepea hati.

"Rahisi tu," alisema. "Wameniuliza kama nimewahi kuona ndani ya Jukwaa. Nikasema sijawahi. Wakasema, utajuaje kwamba hujaliona, na wewe hujui linafananaje? Wana akili wale! Basi wakaniwashia. Wakasema, tazama vizuri, ndilo hili, umewahi kuliona? Nikasema hapana. Muhuri, pwaa!"

Kitwana aliweka nyundo chini.

"Wamekuwashia?"

"Wamenikuzia na maandishi."

"Makame, mwanangu, toka nje."

"Nitoke vipi na hati ninayo?"

"Hati unayo. Wewe ndiye hatunaye tena."

Makame akaenda kukaa benchini kwa Daktari Ngwilizi, akapewa chai isiyokorogwa.

Akafuata Nasra. Alirudi amefunika uso kwa mtandio.

"Mimi nimefumba jicho moja," alisema.

"Lipi?"

"La kushoto."

"Na la kulia?"

"La kulia nililiacha liangalie usalama."

Wakajadiliana mchana kutwa kama jicho moja ni kuona au ni nusu ya kuona. Aliyekuwa shoga yake tangu utotoni ndiye aliyesema, "Mimi kwa kweli hata hilo la kushoto silielewi lilivyofumbwa." Nasra akatoka bila kuaga.

Benchi likawa halitoshi, wakaleta gogo. Waliokuwa nje waliwaona waliobaki ndani kuwa wanajiona. Waliobaki ndani walihisi wale wa nje wanakohoa kwa ishara. Makame alipojikuna sikio mara mbili, mtu akafuta ukurasa mzima aliokuwa ameandika, asije akaambiwa alidokezwa. Mwisho akaitwa Kitwana mwenyewe. Alirudi jioni na hati, hakuingia. Alifika getini, akaupa uwanja wake mgongo, akaketi kwenye gogo.

Akabaki Semeni peke yake, na kalenda ambayo haijaisha, na wito wa kesho asubuhi.

Siku hiyohiyo mtoto wa jirani alitoka vipele.

Jengo la Tume ya Macho lilipakwa rangi nyeusi vioo vyote. Semeni aliingia na Shukuru kifuani. Njia nzima alikuwa amejiuliza: nikikataa kutazama, hakuna hati, na Jukwaa Huru haliingii zahanati. Nikitazama, kalenda haimaliziki, na hakuna wa kuimalizia. Huku friji limefungwa, huku friji limefungwa.

"Bi Semeni, karibu," alisema Kamishna Mwinyikondo, mtu mnene wa miwani mbili, moja usoni, nyingine utosini. Kulia kwake na kushoto kwake walikaa wajumbe wawili. "Ningekuita Mama fulani, lakini huyo fulani hatujampokea."

"Nimeshazoea, mheshimiwa."

"Na hicho ulichobeba ni nini?"

Semeni akafikiri. "Mzigo wangu."

"Kiandikwe: mzigo. Haya. Umewahi kuona ndani ya Jukwaa?"

"Sijawahi."

"Na utajuaje…"

"Sitajua, mheshimiwa."

Kamishna akakereka, yeye hilo swali alilipenda. Akampa ishara mjumbe, skrini ikaanza kuwaka taratibu, kufuli likajitokeza na tabasamu lake.

Hapo ndipo mzigo ulipolia. Ulilia kilio cha njaa, kile kisicho na siri wala itifaki. Semeni hakuwaza mara mbili. Akaikunjua kanga, akajifunika yeye na mtoto, kichwa na vyote, akampa ziwa.

Hata nchi isiyokuwepo ina adabu zake. Kamishna na wajumbe wake waligeuka kwa pamoja wakatazama ukuta.

"Bi Semeni," Kamishna aliuambia ukuta, "unanyonyesha?"

"Nanyonyesha, mheshimiwa."

"Mzigo?"

"Mzigo una njaa."

Skrini ikawaka yote, ikaonyesha siri za Kampuni kwenye chumba ambacho hakuna aliyekuwa anakiangalia. Wajumbe wakanong'onezana. Kanuni ilisema mhusika *aonyeshwe*. Hapakuwa na mahali iliposema *aone*. Mjumbe mmoja akauliza itakuwaje kuhusu masikio. Akajibiwa kwamba masikio yana Tume yake. Ikaamuliwa Kamishna asome kwa sauti kutoka kwenye nakala ya karatasi, bila kugeuka, kazi isilale.

"Hili ni toleo jipya," alisema kwa kiburi, "kipande cha kalenda, ambacho Kampuni imetutumia kwa siri kubwa. Ule ufumbuzi ulio njiani. Nasoma." Akasoma tarakimu na mabano, sauti kavu kama anayesoma majina ya waliofeli. Kisha akasita. "*Lala mwanangu lala, Februari ina visa…* Hii nini?"

"Itakuwa istilahi, mheshimiwa," alisema mjumbe.

"Ya kina sana," alisema wa pili. "Wenzetu wamefika mbali."

Chini ya kanga Shukuru aliachia ziwa. Akatulia. Kisha akacheka, cheko lile la ufizi mtupu, akapiga miguu, kwa sababu maneno yale aliyajua tangu yakiwa ya moto.

Semeni alihisi damu inampanda mpaka masikioni. Wezi! Wameanua nguo kwenye kamba ya watu, wamezitia kufuli, sasa wanamvua mwenyewe wamkague kama ameiba! Neno lilimjaa mdomoni: *hayo ni yangu.*

"Bi Semeni, maneno haya umewahi kuyaona ndani ya Jukwaa?"

Akafumba mdomo kwa nguvu. Akisema ni yake, amekiri anayatambua. Akiyatambua, ameshaona. Aliyeona hapati hati, wala haandiki. Na hakuna popote katika nchi ile ambapo Kampuni ingeweza kuwa ndiyo iliyochungulia. Sheria haikuwa na fomu ya jambo kama hilo. Alimtazama mwanawe katika mwanga mwekundu wa kanga. Shahidi alikuwepo, mmoja, aliyejua kila kitu. Lakini alikuwa hajazaliwa.

"Ndani ya Jukwaa," alisema taratibu, "sijawahi kuyaona hata siku moja."

"Kiandikwe."

"Ila mheshimiwa, sauti yako inamshtua… inaushtua mzigo. Ukisoma polepole kidogo, utalala."

Kamishna alikohoa. Alikuwa na wajukuu, watu hawakujua. Akaanza upya, kwa upole, uso ukutani: "*Lala mwanangu lala, Februari ina visa. Mwaka wa nne huvimba, tuiachie nafasi…*" Akaisoma yote, kwa mahadhi, mjumbe mmoja akaanza kutikisa kichwa. Mtoto akalala fofofo.

"Hapa pamekatika," alisema Kamishna, karibu kwa huzuni. "Katikati ya mwezi wa nne. Kampuni inasema kilichobaki kiko njiani."

Semeni alipajua hapo. Ndipo alipoishia yeye juzi, aliponyanyuka kwenda kuangalia uji.

Muhuri ukagongwa, pwaa.

Alipofika getini wote walisimama, benchi na gogo.

"Umeona?" aliuliza Kitwana.

"Nimeona upande wa ndani wa kanga."

"Semeni. Umeona?"

"Sijaona cha mtu mwingine, baba. Naapa kwa huyu."

Kitwana alimwangalia kwa muda mrefu. Makame alimwangalia. Nasra alimwangalia kwa macho yote mawili. Ilikuwa nchi ambayo kiapo nacho kilitazamwa chini ya mwanga kama noti. Halafu Daktari Ngwilizi, aliyekaa pale muda mrefu kuliko wote, akamsogezea kikombe. "Ingia, binti," alisema. "Uji wa mtoto nitauangalia mimi. Huo sijawahi kuambiwa ni siri."

Akaingia peke yake kati ya masponji, akaumaliza mwezi wa nne, na wa tano, na mingine yote, mpaka miaka ambayo yeye hataiona. Mwishoni pembeni akaandika: *Amka mwanangu, tumefika.*

Nesi Fortunata aliweka Jukwaa Huru kwenye mashine ya zahanati huku mlango umefungwa kwa komeo, ingawa hati zote zilikuwa zimetimia na sheria ilikuwa upande wake.

"Na hili ni bure?"

"Bure."

"Na mtu akitaka kuona ndani?"

"Anaona."

Nesi alitazama dirishani, akatazama chini ya kitanda cha wagonjwa. "Hebu niambie kweli, Semeni. Mnataka nini nyie watu?"

"Friji lifunguke, dada."

Nesi akaandika tarehe. Mashine ikafikiri. Hakuna kufuli lililotabasamu. Ikaandika: *Shukuru. Amepokelewa leo.* Na kule kwenye kona friji likasema *tk*, mlango ukaachia wenyewe, hewa ya baridi ikawagusa miguu.

Shukuru alichomwa sindano, akalia kama raia.

Wiki iliyofuata Kampuni ilitangaza kwamba ufumbuzi wake wa kalenda, matunda ya utafiti mrefu wa mabingwa wake, umekamilika. Serikali ikachinja ng'ombe wawili.

Na siku chache baada ya sherehe akaja tarishi wa Tume ya Macho, na bahasha ya kwanza yenye jina la mtoto. Semeni akaifungua mlangoni, akasoma. *Ndugu Shukuru. Kwa kuwa sasa umezaliwa, na kwa kuwa ulikuwemo chumbani skrini ikiwa imewashwa, na ulisikika ukicheka, unatakiwa kufika mbele ya Tume ueleze ulichokiona na kilichokuchekesha.*

"Siku hiyo alikuwa hajazaliwa," alisema Semeni.

Tarishi akaitoa nakala yake, akaisoma upya kwa kidole. "Lakini alikuwemo."

"Nani? Angalia mlivyoandika. Aliyekuwemo ni mzigo."

"Na huo mzigo uko wapi sasa?"

"Haupo tena. Kaka, nenda kawaambie hivyo, haupo tena."

Tarishi alisimama akimwangalia mtoto kwa mashaka, na mtoto akamwangalia yeye kwa mashaka yaleyale, bila kupepesa. Kisha Shukuru akanyoosha mkono, akaichukua barua kutoka kwa mama yake, akaitia mdomoni kwa upande wa muhuri, na kuanza kuitafuna kwa ufizi, polepole, kama mtu mwenye miaka mingi mbele yake.